Penseli Kiwanjani, Wino Kamusini

*Kuchora maeneo ya wazi na kutunga mashairi kwa kufuta kurasa za kamusi ni sanaa zisizohitaji mtaji. Lakini huko Korogwe na Handeni zinagusa mambo mazito: ardhi ya umma, kanuni za ushairi na uhai wa Kizigua.*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnapima tena?"

Mama lishe alikuwa ameinamia jiko, akipepea mkaa chini ya sufuria ya maharage, na hakuuliza kwa utani. Nilikuwa nimemfuata kununua chai, karatasi yangu ingali mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekalia tofali upande wa pili wa kiwanja, hapa Manundu, Korogwe, nikichora mjohoro, vijana wa bodaboda waliojibanza kivulini pake, na njia ya miguu iliyokikata kiwanja pembe hadi pembe.

Kwa mwenyeji wa mji unaokua, mtu anayekitazama kiwanja, akainamia karatasi, kisha akakitazama tena, ana kazi moja tu. Akishaondoka huja bikoni. Baada ya bikoni huja uzio wa mabati, na banda la maharage hutafuta pengine pa kusimama.

Nilimpa karatasi aitazame. Aliipata sufuria yake, akaupata mti, akatabasamu. "Haya, nimejiona. Sasa hii unaipeleka wapi?"

Mhariri alinituma kutazama sanaa mbili ambazo watu wa miji mikubwa duniani wamezipenda. Ya kwanza ni kutoka nje na kuchora bustani na viwanja vya mji papo hapo, kwa macho, bila picha ya simu. Ya pili ni kuchukua ukurasa wa kitabu, mara nyingi kamusi, na kufuta maneno mpaka yabaki machache yanayosema jambo ambalo ukurasa haukukusudia kulisema. Aliuliza kama zinaweza kuota Korogwe na Handeni. Mimi naona zinahitajika huku kuliko huko zilikovuma, na nitaeleza sababu.

Mahali pa kukaa bure

Mahali pa kukaa bure katika miji hii miwili si lazima pawe na nyasi zilizokatwa, mabenchi na geti. Ni chini ya mwembe wa ofisi ya kata. Ni ukingoni mwa uwanja wa shule saa za jioni, wakati mpira umeanza na vumbi limesimama. Ni kwenye ngazi za duka lililofungwa siku ya Jumapili. Watu wamezifanya sehemu hizi kuwa bustani zao kwa kukaa tu, wala hakuna kibao kinachosema hivyo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Eneo lisilo na kibao ni rahisi kuliona kama halina mwenyewe.

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 68,308 katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe na 79,056 katika Halmashauri ya Mji wa Handeni. Tangu wakati huo miji yote miwili imeendelea kupanuka, na barabara ya lami inayoiunganisha, kama kilomita 65 hivi, imeongeza thamani ya kila kipande cha ardhi kilicho kandokando yake. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inazitaka halmashauri zipange matumizi ya ardhi, na maeneo ya wazi yamo katika matumizi hayo. Shida si maandishi ya sheria. Kiwanja kinaweza kuandikwa "eneo la wazi" katika ramani ya ofisini huku mtaani hakuna anayejua, na kinaweza pia kuwa eneo la wazi la watu kwa miaka mingi bila ramani yoyote kukitambua.

Kuna upande mwingine, nao una haki yake. Mji unahitaji masoko, stendi, zahanati na madarasa. Machinga anayetandaza nguo zake kiwanjani anatafuta chakula cha watoto, na mchoraji mwenye penseli hana sababu ya kumwona kama uchafu katika mandhari. Nikiwa nimesikiliza hoja zote mbili, nasimama hapa: banda la mama lishe na kivuli cha mjohoro ni sehemu ya eneo la wazi lililo hai, na mchoro mzuri huvionyesha vyote viwili. Kinachokiua kiwanja ni uzio.

▪ Banda la mama lishe na kivuli cha mjohoro ni sehemu ya eneo la wazi lililo hai. Kinachokiua kiwanja ni uzio.

Mji wa kuchorwa

Korogwe ni mji unaomkirimu mchoraji. Kaskazini umesimama ukuta wa milima ya Usambara, wa bluu asubuhi, wa kijani jua likipanda. Chini unapita Mto Pangani, ambao wenyeji wengi wanauita Ruvu, ukitokea Kilimanjaro na Meru, na hapa hapa unaupokea Lwengera. Kati ya mto na milima kuna reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Baada ya kimya cha miaka mingi, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi Desemba 2019, na Korogwe ikawa tena mji wenye honi ya treni. Pembeni kuna mkonge, mmea ambao Richard Hindorf aliuleta pwani ya Tanga mwaka huo huo wa 1893, na ambao kwa mchoraji ni darasa kamili: mistari iliyonyooka inayokimbilia mbali na kukutana, kila mmea na mishale yake.

Jua la huku lina masharti. Tuko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, na mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Saa sita mchana kivuli hujikunja chini ya kitu chenyewe, nyumba hupoteza sura, na uso wa mtu huwa na mashimo mawili meusi badala ya macho. Saa za kuchora ni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Wakati wa masika karatasi hulegea kwa unyevu na penseli ngumu huitoboa, kwa hiyo ni heri penseli laini ya 2B au 4B na karatasi nzito kidogo, hata kama ni upande mtupu wa kalenda ya ukutani iliyopitwa na mwaka.

Anza na kitu kisichoondoka. Mti, nguzo, kona ya ukuta. Pima vitu vingine kwa hicho: mtu aliyesimama ni sehemu ya ngapi ya mti? Paa la banda linafika wapi kwenye shina? Watu waje mwishoni, kwa mistari michache, kwa sababu hawatakusubiri. Kisha andika tarehe, saa na jina la mtaa. Gabriel Campanario, mwandishi na mchoraji wa Seattle aliyeanzisha mtandao wa wachoraji wa mijini mwaka 2007, aliweka msisitizo huo huo: chora ukiwa pale pale, na uwe mkweli kwa unachokiona. Tarehe na jina la mtaa huufanya mchoro kuwa ushahidi.

Na adabu. Daraja, kituo cha polisi na mitambo ya umeme si vitu vya kuchora bila kuuliza. Kwingineko, salamu kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa watu waliokuwepo kabla yako hufungua milango mingi. Mtu akikuambia hataki kuchorwa, geuza karatasi.

Tanzania ina mfano wa kutosha wa faida ya kazi hii. Mwaka 2011 Mkuki na Nyota walichapisha kitabu cha Sarah Markes, *Street Level*, chenye michoro ya majengo na mitaa ya katikati ya Dar es Salaam pamoja na maandishi ya kubuni yaliyochochewa na mitaa hiyo. Jiji limevunja majengo mengi ya zamani, na ghorofa za vioo zimesimama mahali pake. Anayetaka kujua baraza zilikuwaje, madirisha yalikuwa na nakshi gani, na nani alikuwa akiuza nini chini yake, ana mahali pa kuangalia. Picha za simu za miaka ile zilipotea pamoja na simu zenyewe.

Dar es Salaam ilikuwa na bahati ya kuchorwa kitabu kizima. Manundu na Kilole za Korogwe, Chanika na Vibaoni za Handeni, zinasubiri.

Ukurasa unapofutwa

Jua likifika utosini na penseli ikawekwa, unaanza wakati wa sanaa ya pili, ambayo hufanyika vizuri kivulini.

Mwaka 1966 mchoraji Mwingereza, Tom Phillips, alinunua kwa senti chache riwaya ya W. H. Mallock iliyotoka mwaka 1892, akaanza kuzipaka rangi kurasa zake moja baada ya nyingine, akiacha vijisehemu vya maneno vikielea. Aliendelea na kitabu hicho kimoja kwa nusu karne. Mwaka 2008 M. NourbeSe Philip, mshairi mzaliwa wa Tobago anayeishi Kanada, alitoa *Zong!*, kitabu kinachostahili kusomwa na kila mtu wa pwani hii walikouzwa watumwa. Alijifungia ndani ya maneno ya hukumu moja ya Uingereza kuhusu meli ya watumwa ya mwaka 1781, ambayo mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, kisha wenye meli wakadai fidia ya bima kana kwamba waliozama ni mizigo. Philip aliyavunja maneno ya hukumu hiyo mpaka yakaanza kulia.

Kamusi inafaa sana kwa kazi ya namna hii. Kila kidahizo kina fasili fupi, mifano ya sentensi, na majirani waliokaa pamoja kwa sababu ya herufi tu. Tena kamusi zetu zimeshaanza kufuta zenyewe: katika mifano, kidahizo huondolewa na alama ya wimbi ikakaa mahali pake.

Nitaonyesha kwa mfano. Fasili zifuatazo nimezitunga mwenyewe kwa muundo wa kamusi, kwa sababu kamusi zilizopo madukani zina wenyewe:

*mto¹ nm mi- [u-/i-] mkondo mkubwa wa maji yashukayo kutoka mlimani na kutiririka hadi baharini au ziwani: ~ umejaa, ~ umekauka.*

*mto² nm mi- [u-/i-] mfuko wa kitambaa uliojazwa pamba au sufi, wa kuwekea kichwa wakati wa kulala.*

Kanuni ni mbili. Huongezi neno, na huhamishi neno. Unachoweza ni kufuta tu, kwa wino mweusi, kwa rangi, au kwa kuchora juu ya maneno. Nilipofuta, yalibaki haya:

*mkubwa*
*umekauka*
*mfuko wa kitambaa*
*lala*

Hapa ndipo Kiswahili kinapofanya jambo ambalo Kiingereza cha Phillips hakiwezi. Neno "umekauka" lilikuwa mali ya mto. Mto umefutwa, lakini kiambishi chake kimebaki mdomoni mwa kitenzi kama yatima, kinatafuta mzazi. Kikaukuta mfuko, ambao ni wa ngeli ile ile, kikaushika. Ghafla ni mfuko uliokauka, na kila aliyewahi kufika tarehe 25 ya mwezi anajua maana yake. Lakini kiambishi hicho hicho ni cha nafsi ya pili pia: "mkubwa, umekauka" linaweza kuwa neno la kumwambia mtu usoni. Na msomaji anayejua kuwa yote haya yalikuwa mto atauona mto ukikauka nyuma ya wino. Usomaji mara tatu, na hakuna neno hata moja nililolitunga hapo kwa ajili ya shairi.

Tazama na neno la mwisho. Lilikuwa "kulala", kazi ya mto wa kichwani. Ukifuta silabi ya kwanza linakuwa amri. Maneno yetu yamejengwa kwa vipande, kwa hiyo wino unaweza kuingia ndani ya neno lenyewe. "Hawatalala" ukiifuta herufi mbili za mwanzo inakuwa "watalala", na kauli imegeuka upande. Katika lugha nyingi za Ulaya mfutaji mara nyingi hucheza na maneno mazima. Sisi tumepewa viungo vya maneno, na naamini ushairi huu utapata mambo mapya ukija kukaa katika lugha za Kibantu.

▪ Mto umefutwa, lakini kiambishi chake kimebaki mdomoni mwa kitenzi kama yatima, kinatafuta mzazi.

"Hilo si shairi"

Pingamizi la kwanza litatoka kwa malenga, na mkoa wa Tanga ni nyumbani kwao. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909. Kabla yake, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliandika utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Watu wa eneo hili hawawezi kuambiwa kuwa maneno machache yaliyosalia kwenye ukurasa mweusi ni shairi, wakakubali bila kuuliza vina viko wapi na mizani ni ngapi.

Mabishano haya yana historia. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, na miaka mitano baadaye chama cha UKUTA kikaanzishwa kulinda usanifu wa Kiswahili na ushairi. Kwa walezi wa kanuni hizo, tungo iliyopungua vina au mizani ni guni. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani iliyoviacha vina na mizani kwa makusudi, na magazeti na kumbi za vyuo zikawaka. Wengine walisema ameuvunja ushairi. Wengine walisema ameufungulia mlango. Moto huo haujazimika mpaka leo, ingawa watu wamezoea kukaa nao.

Mtu angetarajia ushairi wa kufuta uwe upande wa Kezilahabi. Mimi naona unasogea karibu zaidi na Amri Abedi. Mshairi huru huchagua neno lolote. Mfutaji amefungwa: maneno yake yamehesabiwa, mpangilio wake umeamuliwa, na lazima atafute uhuru ndani ya kifungo hicho, jambo ambalo malenga wa tarbia hulifanya kila siku.

Hesabu silabi. *M-ku-bwa u-me-ka-u-ka*: nane. *M-fu-ko wa ki-ta-mba-a*: nane. Ni mshororo kamili wa mizani 16, umekatika katikati panapostahili, nao umelala ndani ya fasili mbili zile. Mtu mwenye sikio la ushairi anaweza kufuta ukurasa mzima akitafuta vipande vya nane tu. Akipata mishororo minne yenye kina kimoja, amefanya kazi ambayo malenga yeyote wa Tanga atalazimika kuivulia kofia.

Lakini malenga wana hoja moja ambayo sitaipunguza uzito. Shairi la Kiswahili huimbwa, hughanishwa, hupita kutoka kinywa hadi kinywa. Shairi la kufuta linahitaji jicho. Weusi wa ukurasa ni nusu ya maana, na weusi haughaniki. Ukilisoma redioni, msikilizaji anapokea maneno machache bila kaburi lao. Kwa hiyo sioni sababu ya kulipeleka kushindana na utenzi kwenye ngoma. Mahali pake ni ukutani, darasani, ndani ya daftari, karibu na mchoro uliofanyika asubuhi.

Heshima ya kamusi

Pingamizi la pili ni la walimu, nalo lina uchungu zaidi. Katika shule ambako wanafunzi wengi wanasubiriana kwa kamusi moja, nani atathubutu kumwaga wino juu yake?

Asithubutu mtu. Hilo halina mjadala. Kamusi imegharimu vizazi. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882 baada ya kifo chake, aliwahi kupanda milima hii hadi Vuga kwa mfalme Kimweri mwaka 1848. A. C. Madan wa Zanzibar alichapisha yake mwaka 1903. Frederick Johnson na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 wakaendeleza kazi hiyo, TUKI ikatoa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* mwaka 1981, na BAKITA *Kamusi Kuu* mwaka 2015. Kitabu cha namna hiyo kikiwa kizima, mahali pake ni mikononi mwa msomaji.

Lakini kamusi huzeeka, huloa, huliwa na mchwa. Nenda stendi yoyote ya barabara kuu uone karanga zinavyofungwa: koni za karatasi kutoka madaftari, vitabu vya kiada, magazeti. Kurasa za vitabu vilivyokufa zimo mitaani tayari, zinafanya kazi ya mwisho kabla ya moto. Mwalimu anayeokota kurasa hizo, au anayetoa fotokopi ya ukurasa mmoja kwenye duka la steshenari, hajaivunjia kamusi heshima. Pengine ndiye aliyewafanya wanafunzi wake waisome fasili moja kwa umakini ambao hawajawahi kuitolea fasili yoyote, kwa sababu huwezi kufuta neno bila kulipima kwanza.

Wala kufuta si kitendo kigeni kwa mtu wa pwani. Mtoto wa chuoni aliandika aya kwenye ubao, akaihifadhi, akauosha ubao ili aandike nyingine. Hakuna aliyesema ameidharau aya. Maandishi ya kombe huoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa. Wazee wetu walijua kwamba wino unaweza kuondoka na maneno yakabaki kwa mtu.

Haki ya mwandishi nayo izingatiwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kutumia kamusi za sasa kujifunza darasani ni jambo moja, kuchapisha na kuuza ni jambo jingine. Madan alifariki mwaka 1917, na kamusi yake iko huru kwa yeyote.

Handeni: maji na maneno

Ukitoka Korogwe kwenda Handeni unauacha mto nyuma na kuingia nchi kavu zaidi, ya vichaka, mibuyu na vijiji ambavyo majina yake mengi huanza na Kwa au Kwe: Kwamatuku, Kwenjugo, Kwediyamba. Maji hapa ni habari ya kila siku. Kwa miongo kadhaa mji huu umetegemea maji yanayovutwa kutoka mto wa Korogwe kwa bomba kuu ambalo kila mtu analijua kwa herufi tatu, HTM, na miji yote miwili, Handeni na Korogwe, ilijumuishwa katika mradi wa maji wa miji 28 uliotiwa saini Juni 2022 kwa mkopo wa India. Ndoo za njano zilizopangwa foleni kwenye kioski cha maji ni mandhari ya Chanika kama vile mto ulivyo mandhari ya Korogwe, na ni ngumu kuzichora: zote zinafanana, na kila moja imewekwa na mtu tofauti.

Handeni ndiko nilikoona kwamba sanaa hizi mbili zina kazi ya haraka. Mwaka 1906, huko London, ilichapishwa kamusi ya Kizigua kwa Kiingereza, kazi ya padri Walter Henry Kisbey wa misheni ya UMCA. Ni kitabu cha zaidi ya karne moja, cha lugha ambayo bado inasikika sokoni Chanika ikichanganyika na Kiswahili, Kisambaa na Kimaasai. Wazigua wenyewe wamesambaa mbali. Katika karne ya 19 njaa na biashara ya watumwa viliwapeleka maelfu hadi Somalia, wakajenga vijiji kando ya Mto Juba na kuitunza lugha yao huko. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 wengi walikimbia. Baadhi walipokelewa Tanzania na kupewa makazi Chogo, hapa Handeni, katika nchi ambako babu zao walichukuliwa, na baadaye wakapewa uraia. Wengine walipelekwa Marekani. Lugha iliyovuka bahari mara mbili inaweza kukosa wasemaji katika nyumba za mjini kwao, ambako watoto husema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku.

Je, ni haki kufuta ukurasa wa kamusi ya lugha kama hiyo? Kuna watakaosema hapana, kwamba lugha inayopungua haihitaji mtu wa kuipunguza zaidi. Ninaielewa hofu hiyo na siipuuzi. Kwa kamusi hii, asiguse mtu nakala halisi, na wala asifute neno la Kizigua.

Afute Kiingereza. Kisbey aliwaandikia wamisionari wenzake, kwa hiyo kila neno la Kizigua katika kitabu chake limebanwa kando ya maelezo ya Kiingereza. Chukua fotokopi ya ukurasa, funika maelezo yale yote kwa wino, na Kizigua kitasimama peke yake katikati ya weusi kwa mara ya kwanza tangu kipigwe chapa. Mpe bibi wa Kwenjugo ausome. Ataucheka ukurasa, atabishana nao, atasema neno hili tulilitumia kwa mbuzi tu, na lile alilikosea yule padri. Kijana aliyeketi kando yake na penseli aandike anayoyasikia kwenye ukingo wa karatasi. Mwingine amchore bibi huyo akiwa kibarazani, na aweke tarehe.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kuanza na wino. Inaanza na nakala safi ya kitabu cha Kisbey kuwekwa Handeni, mahali ambapo mwanafunzi, mwalimu na mzee wa Chogo wanaweza kukifungua bila kuomba ruhusa Dar es Salaam wala London. Maofisa utamaduni wa halmashauri hizi mbili wanaweza kulifanya hilo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaweza kuwasaidia kukipata kitabu, na walimu wa Chuo cha Ualimu Korogwe wana vijana wa kutosha wa kukiinamia kivulini.